Lugha ya vijana kwenye simu: mwongozo kamili kwa wazee wetu wa Uganda

Nimeuandika mwongozo huu kwa wazee wanaozungumza Kiswahili hapa Uganda: mliokipata jeshini au polisi, mliokulia kwenye kota za reli, mnaofanya biashara Busia, Malaba na Mutukula, na ninyi wa Bombo na Arua mliokizoea tangu utotoni. Simu mnazo, WhatsApp mnayo, grupu la ukoo lilifunguliwa na mjukuu. Kila siku zinaingia meseji ambazo herufi zake zote mnazisoma lakini maana hamuipati. Wengi huishia kutuma kidole gumba na kuiweka simu mezani. Hilo linaniuma, kwa sababu humo ndimo wajukuu wanamosema wamefaulu, wameugua, wameishiwa, wanataka kuoa. Mzee asiyezielewa anapitwa na habari za nyumba yake mwenyewe.

Hutahitaji mengi: simu yenye bando, daftari dogo, kalamu, na kijana mmoja mwenye subira. Tena hakuna anayekutaka uzungumze kama wao. Lengo ni uelewe.

Hatua ya 1: Kuza maandishi

Fungua WhatsApp, gusa vitone vitatu vya juu kulia, ingia palipoandikwa "Settings", kisha "Chats", kisha "Font size", uchague kubwa. Nalitanguliza hili kwa sababu wazee wengi huandika kwa herufi kubwa tupu ili wajione wanachoandika, na kijana akipokea "UMEFIKA SAA NGAPI" anasikia anafokewa. Ukishakuza maandishi, hutahitaji tena herufi kubwa.

Hatua ya 2: Jiulize neno limetoka wapi

Usijaribu kukariri. Maneno ni mengi mno, na mengine yanakufa kabla hujajaza ukurasa wa daftari. Kinachosaidia ni kujua chimbuko, maana ukishalijua unajua pia nani wa kumuuliza.

Chimbuko la kwanza ni Kampala. Vijana huchanganya Luganda ya kawaida na Luyaaye, lugha ya vijiwe vya mjini. "Banange" ni jamani. "Kale" ni haya, sawa. "Sente" ni pesa. "Wolokoso" ni umbea. "Kiwani" ni kitu feki au ulaghai. "Bambi" inategemea ilipokaa: mbele ya ombi ni tafadhali, baada ya habari mbaya ni pole. Lakini neno la kulishika kuliko yote ni "mbu", ambalo ni sawa na eti. Kijana akiandika "mbu daktari amesema", anakuambia kwamba yeye mwenyewe hakumsikia daktari, ameambiwa tu. Ukiipita "mbu" bila kuiona, utaenda kutangaza uvumi kama jambo la hakika.

Hapo hapo Kampala kuna maneno ya Kiingereza yaliyopewa kazi nyingine. "Transport" kwa kijana wa Uganda ni nauli, hela taslimu. "Extend" ni sogea. "Plot" huwatesa wazee kuliko yote: mzee anasoma "plot ya Sato ni gani" na moyo unaruka akidhani kiwanja cha familia kinauzwa. Kijana anauliza tu mpango wa Jumamosi ukoje.

Chimbuko la pili ni Nairobi. Sheng, lugha ya vijana wa huko, ilizaliwa mitaa ya Eastlands, na siku hizi inavuka mpaka kwa muziki na kwa TikTok, ile programu ya video fupi, kwa kasi kuliko malori ya Malaba. "Niaje" ni salamu. "Form" ni mpango, sawa na "plot" ya Kampala. "Luku" ni mavazi, namna mtu alivyopendeza. "Kula fare" ni kutumiwa nauli na mvulana, ukaila na usiende.

La tatu ni Dar es Salaam, na hilo nimelipa hatua yake peke yake, kwa sababu ndiko mitego ilikojaa.

La nne ni vifupisho vya Kiingereza: "tbh" ni kusema kweli, "idk" ni sijui, "rn" ni sasa hivi, "dm" ni tuandikiane faragha. Herufi "k" baada ya tarakimu ni elfu, kwa hiyo 30k ni shilingi 30,000. Tabia hii ya kukata maneno ilianza enzi za SMS, ujumbe mmoja ulipokuwa na nafasi ya herufi 160 tu na kila ujumbe ukilipiwa. Kiswahili nacho kilikatwa vivyo hivyo: "cjui", "2taonana", "xaxa". Dawa yake ni kusoma kwa sauti. Itamke "2taonana" na sikio litakupa jibu ambalo jicho lilikunyima.

Kama unajiona mshamba kwa kutojua haya, jua kwamba David Cameron, alipokuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa akimaliza meseji zake kwa "LOL" akidhani ni salamu za upendo mwingi, kumbe maana yake ni nacheka sana. Jambo hilo lilisemwa hadharani mwaka 2012 mbele ya tume iliyokuwa ikichunguza magazeti ya huko. Na hicho ni Kiingereza, lugha ya mama yake.

La mwisho ni TikTok yenyewe, inayomwaga maneno ya vijana wa Marekani, mengi yakiwa ya Wamarekani weusi kwanza. "Cap" ni uongo, kwa hiyo "no cap" ni sidanganyi. "Rizz" ni kipaji cha kumvutia mtu kwa maneno. Kamusi za Oxford zililiteua kuwa neno la mwaka 2023. Mwaka 2024 wakateua "brain rot", kule kuoza akili kwa kutazama video za kipuuzi siku nzima. Mengine, kama "skibidi", hayana maana ya kueleweka hata kwa wanaoyatumia. Ukielezwa kwamba halina maana, amini, uendelee na mambo yako.

Utasikia pia "washa VPN". Hilo si neno la mtaani. Ni programu inayopitisha intaneti njia ya pembeni. Vijana wa Uganda waliizoea kuanzia Julai 2018, serikali ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na wakaishikilia Facebook ilipofungwa Januari 2021. Kodi ile iliondolewa Julai 2021 ikawekwa asilimia 12 juu ya bando, ila neno lilishaingia vinywani.

Hatua ya 3: Yashuku maneno ya Kiswahili unayoyajua

Hii ndiyo hatua ya Dar. Hapa wewe mzee wa Kiswahili unamshinda jirani yako asiyekijua, lakini hapa hapa ndipo unapoweza kuanguka. Neno geni linakusimamisha, unauliza. Neno unalolijua halikusimamishi.

Chukua "msala". Mzee wa Bombo aliyelelewa katika Uislamu anajua msala ni mkeka wa kuswalia. Mjukuu wake aliyekaa miezi sita akitazama video za Dar anaandika "jajja nimepata msala chuoni" ("jajja" ni babu au bibi kwa Luganda). Mzee anamshukuru Mungu kwamba kijana ameanza kuswali, kumbe kijana anasema yuko matatani na anaomba msaada. Meseji ile ile, mmoja anafurahi na mwingine anasubiri jibu kwa hofu.

"Kula bata" hakuna ndege aliyechinjwa. Ni kustarehe na kutumia pesa. "Chawa" ni mtu anayejipendekeza kwa tajiri au mwanasiasa, akimsifia ili apate riziki. "Ubuyu" ni umbea. "Kiki" ni kituko anachokifanya mtu maarufu ili azungumzwe. "Noma" inaweza kuwa hatari au nzuri kupita kiasi, na ni sentensi tu itakayokuambia ni ipi.

"Mchongo" ni dili, nafasi ya kazi au ya kupata hela: "kuna mchongo Jinja" ni habari njema. Lakini kitu "cha mchongo" ni cha kughushi, na "daktari wa mchongo" hana cheti. Kineno kimoja cha kuunganisha kinageuza kila kitu, kwa hiyo soma neno pamoja na jirani zake.

Halafu "chai". Kijana akisema "hiyo chai", anasema hadithi hiyo ni ya kutunga. Lakini akitumia neno la Kiingereza, "nipe tea", anataka umbea wenyewe, tena wa kweli. Dar imekipa kinywaji kile kile maana moja na Marekani maana nyingine, na mjukuu wako anatumia zote mbili katika siku moja bila kuchanganyikiwa.

Ukiona sentensi ya Kiswahili yenye neno la kawaida lililokaa mahali lisipostahili kukaa, kama bata kwenye harusi au chawa kwenye siasa, ujue limebadilishwa kazi.

Hatua ya 4: Jifunze emoji chache kwa uhakika

Emoji ni vile vipicha vidogo vya nyuso na alama. Nne zinatosha kwa kuanzia. Uso unaocheka hadi machozi, 😂, ni kicheko, kamwe si kilio. Kamusi za Oxford ziliuteua kuwa neno la mwaka 2015, jinsi ulivyoenea. Ndio huo unaotumwa na wazee kwenye tangazo la msiba kwa sababu wameona machozi, na wafiwa wanaumia. Ukitaka kutoa pole, andika neno pole. Halina utata.

Fuvu, 💀, kwa vijana ni nimekufa kwa kicheko. Usikimbilie kupiga simu. Uso unaobubujika machozi, 😭, ndio mgumu: unaweza kuwa kilio cha kweli, lakini mara nyingi nao ni kicheko au kuguswa kupita kiasi, na inabidi usome maneno yanayouzunguka. Viganja viwili pamoja, 🙏, ni tafadhali, asante, au sala.

Kwa emoji usiyoijua, ibonyeze meseji yenyewe kwa muda, inakili, ibandike kwenye Google, futa maneno mengine uiache emoji peke yake, na jina lake litatokea. Jina si maana, lakini utapata pa kuanzia.

Hatua ya 5: Fungua meseji nzima, kipande kwa kipande

Tufanye zoezi. Hii ni meseji ya kutungwa, ila kila kipande chake nimekiona mara nyingi nikiwasomea wazee simu zao:

"Jajja gwe 💀💀 nimekufa. Mbu senga anafanya kwanjula?? Tea yote mnipe bana. Plot ya Sato ni gani, me niko down tbh ila sina transport, ka-30k tu bambi 🙏 No cap nimemiss chapati zako"

Usianze na neno la kwanza. Anza na unayoyajua bila shaka: jajja, senga, kwanjula, chapati. Tayari unajua ni mambo ya familia na kuna sherehe ya kutambulisha mchumba. Sasa tafuta maswali na ombi, maana hapo ndipo panapohitaji jibu. Kuna maswali mawili na kuna 30k.

Ndipo urudi mwanzo. "Gwe" ni wewe, na kwa mzee inasikika kama kukosa adabu. Hapa kuna mafuvu mawili, kwa hiyo kijana anacheka, anakudekea. Kama huipendi mwambie kwa upole faraghani, atakusikia. "Nimekufa" inafuata mafuvu, ni kicheko. "Mbu senga" maana yake amesikia juu juu kwamba shangazi yake anafanya kwanjula na anataka kwako uhakika. "Tea yote" ni habari zote. "Plot ya Sato" ni mpango wa Jumamosi.

"Niko down" inatisha kwa anayejua Kiingereza cha zamani, anadhani kijana ana huzuni au anaumwa. Kinyume chake, maana yake ni niko tayari, nimekubali. Huzuni wangeiandika "najiskia down". Tofauti hiyo iandike daftarini kwa wino mwekundu. "Ka-30k" ni 30,000, na ile "ka" ya kudogosha imewekwa ili ombi lisionekane zito. "No cap" ni kwamba chapati amezikumbuka kwa dhati.

Kwa hiyo mjukuu anasema: amefurahi, anataka kujua kama habari ni kweli na mpango ukoje, atakuja, anaomba nauli, na amekukumbuka.

Hatua ya 6: Uliza vizuri

Google hujibu ukiandika "maana ya" na neno lenyewe, hasa kwa maneno ya Kiingereza. Google Translate inajua Kiswahili, na Luganda iliongezwa mwaka 2022, lakini maneno ya mtaani inayatafsiri kama kamusi na kukupotosha. Urban Dictionary, kamusi ya mtandaoni ya maneno ya mitaani, ina maneno mengi ya Marekani, ila yeyote anaweza kuandika humo na matusi ni mengi. Itumie ukiwa peke yako.

Kijana wako ndiye bora, na usimuulize mbele ya grupu lenye watu 60. Mtumie faragha. Na usiishie kwenye "maana yake nini", kwa sababu atakujibu kwa neno jingine usilolijua. Muulize hivi: ungemwambia nani neno hili, na nani usingethubutu kumwambia? Jibu hilo litakuonyesha kama ni tusi, mzaha, au neno la kawaida.

Hatua ya 7: Tambua mambo mazito

Naomba hatua hii uisome mara mbili. Vijana hufunika uchungu kwa mzaha. "Nimekufa" yenye fuvu ni kicheko, lakini "nimechoka na life", "sioni reason" au "I'm done" zikija usiku, bila emoji, kutoka kwa mtu aliyenyamaza wiki nzima, si mzaha mpaka uthibitishe. Kuna pia "unalive". Kwenye TikTok wanalitumia badala ya kuua au kujiua ili video isiondolewe. Ukiliona kijana analisema juu ya nafsi yake, usiandike chochote kwenye grupu. Mpigie. Asipopokea, mtafute aliye karibu naye aende. Msikilize kabla ya kumshauri. Kwa mtoto kuna simu ya bure ya Sauti, 116. Kwa mtu mzima kuna hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, na Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, kule Kampala.

La pili ni pesa. Matapeli wamejifunza lugha hii kabla yako. "Niaje jajja, simu yangu imekufa, hii namba mpya, nitumie 50k chap chap bambi." Lugha ya mjukuu si ushahidi kwamba ni mjukuu. Piga namba ya zamani. Usipompata, muulize huyo mpya jambo la nyumbani ambalo halijawahi kuandikwa kwenye grupu. Na unapotuma mobile money, jina la aliyesajili laini hutokea kabla ya kuthibitisha. Lisome kwa sauti. PIN yako usimpe mtu, hata anayekuita jajja.

La tatu ni maneno yanayofunika hatari kwa mabinti na wavulana wetu. "Sponsor" ni mtu mzima anayemlipia kijana ili apate mwili wake. "Hookup" ni kukutana kwa ngono. "Konekisheni ya kyeyo" ni ahadi ya kazi ya nje, na kabla hujauza hata mbuzi, ulizia Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kama wakala huyo ana leseni. Ukiona maneno haya, usigombe kwanza. Kijana akigombezwa anafungua grupu jingine ambalo wewe humo.

Hatua ya 8: Jibu kwa lugha yako

Nina msimamo hapa. Mzee asiandike "no cap". Vijana wanaona haya, na wanajua si wewe. Wanachokipenda ni Kiswahili chako, methali zako na salamu zako ndefu. Epuka tu mambo mawili. Jibu la neno moja lenye nukta, "Sawa.", wao wanalisoma kama hasira, "k" peke yake ni baya zaidi. Na kidole gumba peke yake kwa habari kubwa kinaonekana baridi. Ongeza jina lake, au neno moja la upendo.

Kwa meseji ile ya kwanjula ningejibu hivi: "Mjukuu wangu, ni kweli, senga yako analeta wageni Jumamosi saa nne. Chapati zipo. Nipigie nisikie sauti yako, nikutumie nauli."

Kuhusu daftari, andika neno, aliyelituma, na sentensi nzima lilimokuwa. Neno bila sentensi yake halitakusaidia mwezi ujao. Kwa sababu shule hukataza simu, wanafunzi hurudi likizo wakiwa nyuma kidogo, wanatazama TikTok wiki nzima, kisha wanaanza kuandika mapya. Wiki ya pili ya likizo ya Mei, ya Agosti na ya Desemba, kaa na mmoja wao, pitieni daftari kurasa zote, na yaliyokufa yapigwe mstari.